Swali la Amani: Historia ya Kutabiri Kuenea kwa Mimea Vamizi Afrika Mashariki

Juhudi za kutabiri mahali ambapo mimea vamizi itaenea kadiri tabianchi inavyobadilika huhesabiwa kwa kawaida miongoni mwa elimu changa, zilizozaliwa pamoja na kompyuta na picha za setilaiti, ilhali swali lililo katikati ya elimu hiyo limekuwa likiulizwa katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Mabwana shamba, wataalamu wa misitu na wanabotania wa enzi ya ukoloni walijiuliza kila walipopokea mbegu kutoka ng'ambo: mmea huu, ambao kwao hupata mvua kiasi fulani na joto kiasi fulani, utastawi wapi katika nchi hii? Walitafuta jibu ili mmea uingie, ushike mizizi na ulete faida. Mtaalamu wa leo, anayechora ramani ya maeneo yatakayokuwa hatarini ifikapo mwaka 2050, anauliza swali lilelile kwa nia iliyo kinyume, yaani mmea usiingie, na kama umekwisha kuingia, usisonge mbele zaidi. Kwa sababu hiyo historia ya utabiri haiwezi kutenganishwa na historia ya upanzi, na sehemu kubwa ya ushahidi unaotumiwa leo kuizuia mimea hiyo iliachwa na watu walewale walioileta.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kutofautisha mmea mgeni na mmea vamizi, kwa kuwa si kila mgeni ni mvamizi. Mhogo, mahindi na mkorosho vilitoka Amerika, mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ukitokea visiwa vya Bahari ya Hindi, na hakuna hata mmoja kati ya mimea hiyo unaohitaji kuogopwa, kwa maana yote hubaki pale mkulima anapoipanda na hufifia anapoiacha. Mmea huitwa vamizi pale unapovuka hatua tatu: kwanza uletwe na binadamu, kwa kusudi au kwa bahati, mahali ambapo usingefika wenyewe; pili uweze kuzaliana bila kupandwa wala kupaliliwa; na tatu uenee mbali na pale ulipopandwa kiasi cha kuisonga mimea ya asili, malisho, mashamba au njia za maji. Mimea mingi huishia hatua ya kwanza, michache hufika ya pili, na michache zaidi huvuka ya tatu, na kazi nzima ya utabiri ni kuitambua hiyo michache kabla haijavuka, na kuonyesha itakapoelekea.

Wazo kwamba mimea hufuata hali ya hewa lilipata umbo la kisayansi mwanzoni mwa karne ya 19, pale Alexander von Humboldt, baada ya safari yake ya Amerika ya miaka 1799 hadi 1804, alipoonyesha kwa mchoro wa mlima Chimborazo jinsi aina za mimea zinavyobadilika kwa mpangilio kadiri mtu anavyopanda na hewa inavyopoa. Mwanabotania wa Uswisi Alphonse de Candolle aliyagawa makundi ya mimea ya dunia kwa kufuata mahitaji yao ya joto na maji, na Wladimir Köppen akayatumia makundi hayo kuwa msingi wa mgawanyo wake wa tabianchi za dunia uliotolewa mwaka 1900, mgawanyo ambao hadi leo hufundishwa shuleni. Kutoka hapo hatua ya kuelekea matumizi ilikuwa fupi. Wataalamu wa misitu wa Ujerumani, na mashuhuri miongoni mwao akiwa Heinrich Mayr aliyechapisha mwaka 1906 kitabu kuhusu miti ya kigeni inayofaa Ulaya, walishikilia kwamba mti unaotoka mahali penye hali ya hewa fulani utafaa kupandwa popote duniani penye hali inayofanana nayo. Kanuni hiyo, ambayo inaweza kuitwa kanuni ya ulinganifu wa tabianchi, ndiyo iliyopanda milima ya Usambara pamoja na serikali ya Kijerumani.

Amani, iliyoko kwenye Milima ya Usambara Mashariki katika Mkoa wa Tanga, ilianzishwa mwaka 1902 kuwa kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo cha koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mfano uliofuatwa ulikuwa bustani kubwa ya Waholanzi ya Buitenzorg, ambayo leo ni Bogor, katika kisiwa cha Java. Uhusiano huo haukuwa wa kuigiza majengo tu, kwani Albrecht Zimmermann, mmoja wa wanasayansi wakuu wa Amani, alikuwa ametumikia Buitenzorg kabla ya kuja Afrika, naye mkurugenzi wa kwanza, Franz Stuhlmann, alikuwa ameizunguka nchi pamoja na mpelelezi Emin Pasha kati ya mwaka 1890 na 1892. Koloni lilihitaji mazao ya biashara. Mkonge ulikuwa umekwisha kuonyesha njia, kwa kuwa vikonyo 62 tu vilivyosalimika katika shehena aliyoiagiza Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 vilikuwa vimezaa mashamba makubwa, na serikali iliamini kwamba mkwinini, mpira, kahawa, miti ya mbao, viungo na mimea ya dawa vingeweza kufuata nyayo zake ikiwa tu kila mmea ungepatiwa mahali pake.

Jambo lililoifanya Amani iwe ya pekee ni umbo la ardhi yake. Viwanja vya majaribio vilianza chini kwenye bonde la Mto Sigi, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, vikapanda hadi zaidi ya mita 1,000, hivi kwamba mmea mmoja uliweza kujaribiwa katika joto la bondeni na katika ubaridi wa mgongo wa mlima ndani ya kituo kimoja. Mvua ni nyingi na hunyesha karibu mwaka mzima. Mamia ya spishi kutoka Asia, Amerika, Australia na sehemu nyingine za Afrika zilipandwa katika viwanja vilivyopewa alama, na kumbukumbu za kila kiwanja ziliandikwa kwa uangalifu ambao watafiti wa baadaye wameushukuru. Wajerumani walidhani wanajenga ghala la mazao, na kweli katika Vita Kuu ya Kwanza magome ya mkwinini ya Amani yaliwasaidia kutengeneza dawa ya malaria walipokatiwa njia za baharini. Lakini bila kujua walikuwa pia wameanzisha mojawapo ya majaribio marefu zaidi ya uvamizi wa mimea katika Afrika ya kitropiki, jaribio ambalo hakuna chuo kikuu cha leo ambacho kingeruhusiwa kulianzisha.

Baada ya vita kituo kiliingia mikononi mwa Waingereza, na ndipo ilipoandikwa hati ambayo, kwa historia hii, ina thamani kuliko karibu kila kitu kingine kilichotoka Amani. Mwaka 1934 mwanabotania Peter Greenway, mtu yuleyule aliyetunga kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, alitoa ripoti ya uchunguzi wa mimea ya asili na ya kigeni iliyokuwa ikikuzwa kituoni. Orodha hiyo ilihifadhi habari za spishi gani zilikuwepo na zilipandwa wapi, na kwa hiyo ilimpa mtafiti wa vizazi vya mbele kitu ambacho ni adimu sana katika elimu ya mimea vamizi, yaani kumbukumbu ya walioshindwa pamoja na walioshinda. Kwa kawaida mmea ulioenea huonekana na kuandikwa, ilhali ule uliokufa kimya kitaluni husahauliwa, na mtu anayechunguza washindi peke yao hawezi kusema ni sifa gani iliyowashindisha. Kituo cha kilimo kilihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, bustani ikaachwa kwa kiasi kikubwa bila matunzo, na msitu ukaanza kuamua wenyewe nani abaki.

Mti uliowafanya watu waitazame upya Amani ulikuwa msizi, unaojulikana kisayansi kwa jina la Maesopsis eminii, jina lililotolewa na Adolf Engler mwaka 1895 kwa heshima ya Emin Pasha. Msizi si mgeni wa Tanzania, kwa kuwa ni mti wa asili wa misitu ya upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, Bukoba ikiwemo, lakini katika Usambara, iliyotengwa na misitu hiyo kwa mamia ya kilomita za nyika kavu, ulikuwa mgeni kamili. Jambo hili lastahili kukaziwa, kwa sababu sheria nyingi za karantini hulinda mipaka ya nchi, ilhali mmea hautambui mpaka wowote isipokuwa ule wa bahari, jangwa, mlima na baridi. Msizi uliletwa Amani katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, ukapandwa kwa wingi zaidi baadaye kwa ajili ya mbao, na kwa miongo kadhaa haukumsumbua mtu yeyote. Kisha, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, msitu wa Usambara Mashariki ulivunwa kwa mashine, miti mikubwa ikaanguka na kuacha mianya ya mwanga, na hondohondo, ndege wakubwa wapendao tunda la msizi, wakazibeba mbegu hadi ndani kabisa ya msitu na kuziangusha palepale penye mwanga ambao mche wa msizi unauhitaji. Watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 1980 walitoa tahadhari kwamba msitu wenye mimea isiyopatikana kokote kwingine duniani, na wenye ua maarufu la Usambara linalopamba madirisha ya Ulaya, ulikuwa unageuka kuwa msitu wa msizi. Uvunaji huo ulisimamishwa katika nusu ya pili ya muongo huo, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Kutokana na mkasa wa msizi yapo mambo mawili ambayo ramani ya tabianchi peke yake isingeyaonyesha. La kwanza ni ukimya wa muda mrefu: kati ya kupandwa na kuonekana kuenea ilipita zaidi ya nusu karne, na mtaalamu ambaye angeikagua Amani mwaka 1940 angeandika kwa uaminifu kabisa kwamba mti huo hauna madhara. La pili ni kwamba tabianchi hufungua mlango bila kumsukuma mtu aingie. Waliosukuma walikuwa ndege wenye uwezo wa kubeba mbegu na misumeno iliyokata miti. Mwanzoni mwa karne hii, Wayne Dawson na wenzake waliifuata orodha ya Greenway kiwanja kwa kiwanja, wakakuta zaidi ya spishi 200 za kigeni zingali hai takriban miaka mia moja baada ya kupandwa, na miongoni mwake ni chache tu zilizokuwa zimeenea mbali na viwanja vyake. Walipopima ni nini kilichozitofautisha, ilidhihirika kwamba mmea uliopandwa katika viwanja vingi zaidi ulikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujimudu wenyewe. Kwa maneno mengine, bidii ya mpanzi ni sehemu ya nguvu ya mvamizi, na hakuna kipimo cha mvua wala joto kinachoweza kuionyesha bidii hiyo.

Ikiwa Amani ni mfano wa kutojua, mathenge katika Kenya ni mfano wa kutosikiliza. Mathenge, mti wa miiba wa jamii ya Prosopis wenye asili ya Amerika, ulipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa ili kuirudishia uhai ardhi iliyochimbwa chokaa kwa ajili ya saruji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo na maeneo mengine makavu katika miradi ya serikali na wafadhili iliyokusudia kuwapatia wafugaji kuni, kivuli na kinga dhidi ya upepo. Nia ilikuwa njema na wakati ulikuwa mgumu, kwani ukame wa miaka ya 1970 ulikuwa umeumiza watu na mifugo kote katika ukanda mkavu wa Afrika, na mti unaostawi bila mvua ulionekana kuwa ukombozi. Kanuni ya ulinganifu wa tabianchi ilitumika na ikatoa jibu sahihi: mathenge utastawi Baringo. Ulistawi kupita matarajio ya yeyote. Mbuzi na ng'ombe walikula makaka yake matamu wakazitawanya mbegu kwa samadi, mafuriko yakazisomba hadi kando ya mito na ziwa, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaharakisha kazi hiyo. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba eneo lililofunikwa na mathenge huko Baringo liliongezeka kutoka hekta 882 mwaka 1988 hadi hekta 18,792 mwaka 2016, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho na mashamba ya watu.

Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu mwaka 2006, wakafika Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya sukari ya makaka ya mathenge, na magazeti yakamfanya mbuzi huyo kuwa habari ya kuchekesha, jambo lililowadhulumu watu waliokuwa wameleta ushahidi wa kweli mbele ya mahakama. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu haribifu kwa mujibu wa sheria. Kinachosikitisha katika mkasa huu ni kwamba onyo lilikuwepo kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini. Mathenge ulikuwa umefikishwa Sudan mwaka 1917, na jamaa zake walikuwa wamekwisha kuleta taabu Afrika Kusini na Australia. Wataalamu wa mimea vamizi wamekubaliana tangu zamani kwamba dalili yenye kutegemewa kuliko zote ya tabia ya mmea ni mwenendo wake katika nchi nyingine zenye hali kama hiyo, na historia hiyo ya mmea kwingineko ingepatikana kwa barua moja kwenda Khartoum.

Ni nani basi aliyeligeuza swali la Amani likatazama upande wa pili? Sehemu kubwa ya sifa ni ya Australia, nchi iliyoonja uchungu mapema kupitia dungusi kakati, mmea wa miiba usio na majani ambao ulifunika takriban hekta milioni 24 kufikia miaka ya 1920, hadi nondo mdogo kutoka Amerika Kusini alipoachiliwa mwaka 1926 na viwavi wake wakautafuna hadi ukasambaratika ndani ya miaka michache. Mwaka 1985 Robert Sutherst na Gunter Maywald, waliokuwa watafiti wa shirika la sayansi la taifa hilo, walieleza programu ya kompyuta iitwayo CLIMEX, yenye kulinganisha tabianchi ya mahali kiumbe kinapoishi na tabianchi ya mahali kwingine kokote duniani. Sutherst alikuwa mtaalamu wa kupe, na mojawapo ya matumizi ya mapema ya programu hiyo lilihusu Afrika, pale watafiti wa maabara ya magonjwa ya mifugo ya ILRAD jijini Nairobi walipoitumia, mnamo mwaka 1990, kuchora maeneo yanayomfaa kupe anayeambukiza ndigana kali. Programu nyingine ya Australia ya miaka hiyohiyo, BIOCLIM, ilibuniwa na Henry Nix na wenzake, na hapa ukoo wa mambo unadhihirika wazi kabisa: mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kutafuta nchi zinazofaa kupandwa mikalitusi na miti mingine, na mwaka 1988 Trevor Booth na wenzake walichapisha makala kuhusu matumizi yake katika kuingiza spishi za miti. Chombo kimoja kilizaliwa kikiwa na makali pande mbili, upande mmoja ukiwa wa mpanzi na wa pili ukiwa wa mlinzi.

Namna modeli hizi zinavyofanya kazi si vigumu kuieleza. Mtafiti hukusanya alama za mahali ambapo mmea umeonekana, hasa kutoka kwenye vielelezo vilivyokaushwa na kuhifadhiwa katika taasisi za mimea. Kwa kila alama husoma kutoka hifadhi za takwimu za hali ya hewa kiasi cha mvua, joto la juu, baridi ya chini na urefu wa kiangazi. Kompyuta hutafuta mchanganyiko wa hali unaoelezea vizuri zaidi kuwepo kwa mmea, kisha huutafuta mchanganyiko huo katika maeneo mengine yote na kuyapa alama za uwezekano. Ili kutabiri wakati ujao, takwimu za sasa za hali ya hewa huondolewa na mahali pake huwekwa zile zilizokadiriwa na wanasayansi wa tabianchi kwa mwaka 2050 au 2070. Tangu mwaka 2006, ilipotolewa mbinu iitwayo MaxEnt isiyohitaji kumbukumbu za mahali ambapo mmea haupo, ramani za aina hii zimekuwa nyingi mno. Mwaka 2009 Patrick Maundu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba karibu nusu ya ardhi ya Kenya ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuvamiwa na mathenge. Mwaka 2011 watafiti wengine walitumia CLIMEX kuchora maeneo ya mashariki na kusini mwa Afrika yanayolifaa gugu karoti, mmea wa kutoka Amerika unaowasha ngozi, unaoziba pumzi za wagonjwa wa pumu na kuharibu malisho, na maeneo mapana ya Tanzania yalionekana kulifaa. Wakati huohuo gugu hilo lilikuwa limeripotiwa katika Mkoa wa Arusha, hivyo utabiri na uvamizi vilifika pamoja.

Ramani hizo zina udhaifu ambao msomaji wake anapaswa kuujua, na wachoraji waangalifu wenyewe huutaja. Alama za mimea katika Afrika Mashariki hufuata barabara, kwa sababu wakusanyaji hupita barabarani, na nafasi iliyo wazi kwenye ramani mara nyingi humaanisha kwamba hakuna aliyefika kutazama. Tena mmea unaweza kubadili tabia ukiwa ugenini: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu ua la Ulaya lililovamia magharibi mwa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba modeli iliyojengwa kwa kumbukumbu za Ulaya pekee ilishindwa kuonyesha maeneo makavu ambayo ua hilo liliyateka. Mathenge nao huidanganya ramani ya mvua kwa sababu mizizi yake huyafuata maji ya chini ya ardhi, na jamaa yake mmoja huko Arizona alipatikana mizizi yake ikiwa kina cha mita 53 ndani ya mgodi, kwa hiyo kiasi cha mvua kinachonyesha juu hakisemi mengi juu ya riziki yake. Gugu maji nalo, lililofika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunika maelfu ya hekta katika muongo uliofuata, hasa Ghuba ya Winam, na kupungua baada ya fukusi wa Neochetina kuachiliwa na mvua kubwa na upepo kulivunja, halikuwa na haja ya tabianchi mpya: joto la ziwa lililifaa tangu zamani, na kilichokosekana ni mtu wa kulileta na mbolea ya uchafu wa miji na mashamba ya kulinenepesha.

Hata hivyo udhaifu huo hauifuti thamani ya kazi hii, hasa kwa milima. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na maana yake ni kwamba ongezeko la nyuzi moja tu huisogeza hali ya hewa ya bondeni mita 170 hivi kuelekea kileleni. Viwanja vya Amani, vilivyopangwa kutoka Sigi hadi mgongoni ili kujua mmea gani unapenda ubaridi na upi unapenda joto, vimekuwa kwa njia hii kielelezo cha mambo yajayo, kwa sababu spishi iliyostawi chini na kudumaa juu katika karne iliyopita ndiyo inayotazamiwa kuamka juu katika karne hii. Mimea ya asili ya Usambara Mashariki pia ingelazimika kupanda ili kuufuata ubaridi wake, lakini kilele kirefu zaidi cha safu hiyo, Nilo, kina urefu wa mita 1,506 tu. Mmea wa asili wenye mbegu nzito na mahitaji ya kivuli husafiri polepole na unaishiwa na mlima, ilhali mgeni mwenye tunda linalopendwa na ndege hufika kwanza katika kila mwanya. Aidha, mafuriko na kiangazi kikali, ambavyo vinatarajiwa kuongezeka nguvu, huua mimea iliyopo na kutawanya mbegu za ile inayongoja, kama ilivyoonekana Baringo.

Wakati huohuo upanzi wa miti unarudi kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Katika mpango wa bara la Afrika wa kurejesha misitu uitwao AFR100, uliozinduliwa mwaka 2015, Tanzania iliahidi hekta milioni 5.2 na Kenya hekta milioni 5.1, na mwaka 2022 Kenya ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Wataalamu wa kilimo cha miti walioko Nairobi wametengeneza ramani za kumsaidia mpanzi kuchagua miti ya asili inayolingana na mahali pake na hata na tabianchi ijayo, kazi inayostahili kusifiwa kwa kuwa inaliuliza swali la Amani kwa ajili ya miti ambayo Amani iliipuuza. Vitalu vingi, hata hivyo, hukuza kile ambacho mbegu zake zinapatikana kwa urahisi, na mbegu zinazopatikana kwa urahisi ni za miti ya kigeni inayokua haraka, inayozaa mapema na kwa wingi, sifa zilezile zinazopatikana katika orodha za wavamizi. Maofisa wanaochagua miche na wale wanaochora ramani za hatari mara nyingi huwa katika idara tofauti, wakitumia takwimu zilezile za mvua na joto bila kusomana. Ikiwa ukimya wa msizi ndio kipimo, mti unaopandwa sasa kwenye mteremko wa Usambara au ukingoni mwa Ziwa Baringo hautadhihirisha mwenendo wake kabla ya miaka ya 2070 au 2080, katika tabianchi ambayo hakuna kiwanja cha majaribio kilichowahi kuipima.